Bati la Tarrawin

Broken Hill
11 Julai 1999

Mdogo wangu Lindsay,

Hujambo huko Tarrawin, Sydney? Natumaini goti limepoa na unapanda ngazi ya ubao wa matokeo bila kumwita Mungu kila kipandio. Ningekupigia simu, lakini sikio lako moja ni pambo tu na lingine husikia linachotaka.

Sisi hatujambo kwa kiasi chetu. Athol anakula viazi vya kupondwa na uji. Mkono wa kushoto una nguvu kama alipokuwa mgodini, upande wa kulia ni ule ule, na neno hajatoa. Mwaka wa nne sasa tangu apigwe na kiharusi. Nesi huja Jumanne na Ijumaa, saa moja tu, na ndani ya saa hiyo nakimbia posta na buchani, narudi nikitweta. Zaidi ya hapo nje sikujui. Majirani ni watu wema ila hawana la kuongea nami. Mji huu unapenda ule mpira wao wa kurukiana mabegani, raga hawaitambui.

Fomu ya kura ya klabu yetu ya raga imefika. Nimetia sahihi na kuacha kwingine kote patupu, kama kila mwaka. Wewe ndiye mwakilishi wa sisi tuliotawanyika, utajaza. Mwaka huu hata sina haja ya kukuambia ujaze nini. Kuungana na Denholm! Hao hao waliomtemea baba mate mwaka wa arobaini na nane, wewe ukiwa mabegani mwake! Kama ni lazima Shakwe wa Tarrawin wafe, basi wafe wazima, na jezi yao nyeusi na nyeupe mwilini. Sitaki kuona nusu yao.

Msalimie yeyote wa kule kilimani uwanjani, tulikokuwa tukisimama, anayenikumbuka.

Dada yako,
Merle


Tarrawin
24 Julai 1999

Dada mpendwa,

Barua imefika, nashukuru. Mimi ni mzima, goti ni bovu, kwa hiyo hakuna jipya. Mpe Athol mkono wangu, ule wa kushoto.

Jumapili tulifungwa na timu ambayo zamani tungeila na chai. Nilikuwa ndani ya kibanda cha ubao wa matokeo, natundika namba zao moja baada ya nyingine hadi nikaishiwa na zile za nane. Dakika za mwisho walitusukuma hadi kwenye mstari wetu, na watu wa kilimani wakaanza kupiga uzio wa bati kwa ngumi. Tatu, kimya, tatu, kimya. Unakumbuka baba alivyokuwa mkali juu ya jambo hilo? Tukishambulia, piga kelele upendavyo, lakini uzio wa bati usiuguse. Bati ni la wakati vijana wamebanwa mstarini na hawana pa kwenda. "Wanatakiwa wasikie kwamba tuko nyuma yao," alikuwa akisema. Na wewe ulimwona Athol mara ya kwanza hapo hapo, mkono unamtoka damu na anaendelea kupiga. Ukaniambia, "Yule ni mjinga au ni mume."

Mambo ya muungano ni mazito. Wakubwa wa ligi wanapunguza timu. Wanatuambia tusipoungana, mwakani hatumo kabisa, na timu za watoto zinavunjwa pia. Jana niliwaangalia wa chini ya miaka minane wakifanya mazoezi. Jezi zinawafika magotini. Mmoja alikuwa analia kwa sababu amevaa kiatu mguu usio wake.

Fomu yako ninayo. Pamoja na za wengine ni arobaini na tatu, zote zina sahihi, zote tupu. Kama una la kuongeza, andika kabla ya mkutano wa tarehe ishirini na mbili Agosti.

Mdogo wako,
Lindsay


Broken Hill
2 Agosti 1999

Lindsay,

Hali yetu ni ile ile niliyokuandikia. Vumbi limeingia hadi kwenye sukari.

Umeniandikia kurasa mbili za watoto na viatu, na sijaona mahali ulipoandika kwamba utakataa. Nakujua tangu ulipokuwa na meno ya utoto. Ukianza kuzunguka namna hiyo, ujue kuna dirisha limevunjwa.

La kuongeza sina. Ulishalijua kabla sijashika kalamu.

Dada yako,
Merle


Broken Hill
29 Agosti 1999

Lindsay,

U mzima? Nauliza kwa dhati, maana wiki imepita tangu mkutano na hujaandika.

Nimesikia kwenye redio nikimgeuza Athol. Mia nne na mbili wamekubali, mia tatu sabini na moja wamekataa. Nimepiga hesabu nyuma ya bahasha. Tofauti ni thelathini na moja, na wewe ulikuwa na arobaini na tatu mfukoni.

Niambie zimepotea. Niambie ulianguka ngazini ukalazwa. Chochote utakachosema nitakiamini, lakini sema.

Dada yako,
Merle


Tarrawin
12 Septemba 1999

Dada Merle,

Salamu. Sijaanguka wala sijalazwa, na fomu hazikupotea.

Nimeanza barua hii mara sita. Sasa naiandika moja kwa moja na sitairudia.

Ukumbi wa klabu ulijaa hadi watu wakasimama kwenye meza za bahati nasibu, ile ya kushindania nyama. Walisema, wakatukanana, wakalia. Fergus Quaife, yule kinyozi, alivua jezi yake ya ubingwa akaitandaza sakafuni, akamwambia mwenyekiti, "Ukitaka kupita, pita juu yake." Kisha ikatangazwa mapumziko ya chai, na baada ya chai kura. Mimi nikaenda chooni, nikajifungia. Nilikaa juu ya kifuniko, fomu zenu magotini na kalamu mkononi. Nje nilimsikia Fergus akiuliza, "Lindsay yuko wapi? Huyu ndiye mwenye kura za wazee." Mwingine akajibu, "Mwache, Lindsay ni wetu."

Sikuwa na pa kutokea. Nikiandika hapana, klabu inafutwa mwakani na wale watoto wanakwenda kucheza kokoto. Nikiandika ndiyo, nakuua wewe. Kuziacha tupu pia haisaidii, maana sheria inasema fomu tupu ni ya mwenyekiti, na mwenyekiti anataka muungano. Kwa hiyo hata woga wangu ungekuwa ndiyo.

Niliandika ndiyo, Merle. Mara arobaini na tatu. Yako niliiweka ya mwisho.

Sasa nitasema jambo ambalo huenda hutanisamehe. Pale chooni nilikuwa namfikiria Athol. Siku ile daktari alipokuita kwenye korido akakuuliza, tumwache aende au tushike kilichobaki, mimi nilikuwa nimesimama kando yako. Ulimjibu, "Shikeni kilichobaki." Hukungoja hata amalize swali, na Athol hakuulizwa. Nilikuheshimu siku ile kuliko siku nyingine yoyote. Nami nimeshika kilichobaki.

Timu itaitwa Denholm-Tarrawin. Ndiyo, wao wametangulia. Tarrawin itapata michezo minne kwa mwaka, na watoto wanabaki na uwanja wao.

Fergus hanisalimii tena. Nimeacha kwenda kunyoa, nimekuwa kama kondoo.

Niandikie hata tusi.

Mdogo wako,
Lindsay


Broken Hill
20 Septemba 1999

Bwana Lindsay Pell,

Barua yako ya tarehe 12 imefika.

Kitanda cha mume wangu si meza ya kupigia kura zako. Usimtaje tena.

M. Cotterill


Tarrawin
7 Novemba 1999

Dada,

Natumaini hii inakukuta salama, na Athol pia. Nimemtaja kwa salamu tu.

Leo wamekuja na lori kung'oa uzio wa bati kule kilimani. Wanaweka ubao laini wa matangazo. Ukiupiga hausikiki, ni kama kupiga mto. Hilo halikuwa kwenye mkataba. Niliwaambia vijana wa lori bati lile lina maana, mmoja akaniuliza kwa adabu kabisa, "Maana gani, mzee?" Nikaanza kueleza, nikaona hata mimi sijielewi.

Sasa najua walivyonipata. Nilikubali nusu, na nusu wanaimega kila wiki. Siwezi kulalamika, kwa sababu kila nikifungua mdomo wananiambia, "Si ulikubali, Lindsay?" Na kwa wazee wetu siwezi kwenda, kwa sababu nilikubali. Nashinda ndani ya ubao nikipaka rangi namba ambazo hazihitaji rangi. Mle ndani kuna joto na giza, na ni mahali pekee ambapo hakuna anayeniuliza kitu.

Mdogo wako,
Lindsay


Tarrawin
17 Desemba 1999

Dada,

Heri ya Krismasi kwenu nyote wawili. Nilikata kipande cha bati kabla hawajalibeba, pale tulipokuwa tukisimama, nakutumia kwa kifurushi peke yake. Kingo nimezifunga kwa utepe zisimkate mtu. Alama ya ngumi bado ipo. Sijui ni ya nani, ila napenda kudhani.

Usipojibu nitaelewa. Nitaandika tu.

Lindsay


Broken Hill
5 Machi 2000

Mdogo wangu Lindsay,

Hujambo? Goti je? Umepata kinyozi?

Sisi tupo. Athol amepungua kidogo, halafu ameongezeka kidogo. Joto la mwaka huu limeniotesha vipele hadi shingoni. Nesi siku hizi anakuja Jumanne tu, Ijumaa wamemhamisha. Ukitaka kujua dunia yangu ina ukubwa gani, ni kutoka kitandani kwake hadi kamba ya kuanikia nguo.

Kifurushi chako cha Krismasi nilikitupa nyuma ya mashine ya kufulia bila kukifungua. Barua zako za Novemba na Desemba nilizisoma, nikazitupa huko huko. Nilikuwa nimeapa kwamba ukifa nitatuma maua meupe na meusi bila jina.

Leo mchana niliwasha televisheni ili nyumba iwe na sauti nikipiga pasi. Nikawakuta wao, Denholm-Tarrawin. Jezi imekuwa nyeusi na nyeupe na ukanda mwekundu unaokatiza kifua, utadhani mtu kachomwa kisu. Nikaenda kuizima. Kisha nikaona macho ya Athol yameganda pale kwenye mchezo, nikaiacha, nikarudi kwenye pasi nikaipa mgongo.

Dakika za mwisho walikuwa wanaongoza kumi na mbili kwa kumi, wakasukumwa hadi mstarini kwao. Mpinzani akawa anawarudia, wanamwangusha, anainuka, anawarudia tena. Ndipo nikasikia. Tatu, kimya. Tatu, kimya. Nilidhani ni mlango. Nikageuka, ni Athol. Mkono wa kushoto unapiga chuma cha kitanda.

Lindsay, kwa miaka minne mtu yule hajafanya kitu ambacho sikumwomba. Fungua mdomo, Athol. Meza, Athol. Shika hapa. Sasa anapiga, na jasho linamtoka.

Nikamwambia, "Hao si wetu, mume wangu."

Akaendelea kupiga.

Nikamwambia tena, kwa ukali: "Athol, hao ni nusu tu!" Akanitazama. Sitakueleza alivyonitazama. Nilizima pasi, nikaenda kuvuta kile kifurushi nyuma ya mashine, nikalifunga bati kwenye chuma cha kitanda kwa mkanda wa gauni langu. Tukapiga wote hadi kipenga. Jirani alikuja kuuliza kama kuna mtu ameanguka.

Walishinda. Sijafurahi, usinielewe vibaya. Jezi ile ni mbaya na jina lile ni baya, na ulichonifanyia ni kibaya.

Lakini nikuambie ukweli, maana hakuna mwingine wa kumwambia. Sikukukasirikia kwa ajili ya Denholm. Kila asubuhi namgeuza Athol na kumsafisha, na zipo asubuhi ninazofikiria ile korido ya hospitali na jibu nililotoa haraka, nikatamani kurudi nikanyamaze hata dakika moja. Kisha naona haya, namchania nywele. Nilitaka kuwe na kitu kimoja nilichokipenda ambacho kingeruhusiwa kufa. Klabu ingekufa nzima, ningelia mara moja, basi. Wewe ukaniongezea mgonjwa wa pili.

Leo amepiga bati. Kesho huenda asipige. Nami nitakuwepo hapa nikisubiri kama atapiga, na hilo pia ni kifungo, usidhani sijui.

Ndani ya bahasha kuna fomu mbili za uanachama wa hiyo timu mpya; nesi ndiye aliyeniagizia. Ya Athol nimeijaza mwenyewe hadi mstari wa mwisho, na palipobaki wazi nimepiga mstari, asije mtu akaongeza neno. Yeye ndiye aliyebanwa mstarini kwake, na jibu lake amelitoa kwa bati.

Yangu nimetia sahihi tu. Kwingine kote ni patupu. Sitakuambia ujaze ndiyo au hapana, na safari hii usiniulize. Kaa nayo mfukoni.

Dada yako,
Merle