Tangi Lililobaki Masasi

Jumanne. Jua la leo Masasi limekausha hata mate mdomoni. Umeme upo, jambo la kushangaza, lakini kompyuta ya kazi sitaki hata kuiona. Naandika haya kwa simu, nimekaa sakafuni.

Wengi mnaopita hapa kwenye blogu yangu huja kutafuta mbinu. Mnachora majengo kwa mtindo huu wa kujenga nyumba nzima ndani ya kompyuta kabla fundi hajashika mwiko, ukisogeza ukuta na mlango unasogea nao. Wiki hii niliahidi habari za toleo jipya la programu, na namna ya kufungua mafaili yake kwenye toleo la zamani.

Mtanisamehe. Leo sina mbinu.

Nimerudi kutoka Newala mchana. Kuna kijiji huko, ukingoni kabisa mwa uwanda wa juu, ambako wananchi wanajenga wodi ya wazazi kwa nguvu zao. Mto hawana. Kisima hawana. Kiangazi kama hiki wanawake wanashuka genge hadi bondeni, wanapanda tena na ndoo kichwani, na ukifika juu miguu inatetemeka. Nimewahi kupanda nao, na sikuwa nimebeba chochote.

Kwa hiyo nilipoombwa kuchora wodi ile, nilianza na maji. Paa lote nililielekeza upande mmoja, mifereji yote ikakusanya mvua kwenye tangi kubwa la chini ya ardhi, chini ya sakafu ya chumba cha nyuma. Pembeni hapakuwa na nafasi, jirani ana mikorosho yake hadi mpakani. Nilipowaonyesha wajumbe wa kamati ya ujenzi kwenye kompyuta, mwenyekiti wao, Mama Zuhura, aligusa tangi lile kwenye kioo kwa kidole. Akauliza kama mama aliyejifungua ataogeshwa kwa maji ya humo humo. Nikamwambia ndiyo.

Sasa nieleze kosa, maana linaweza kumpata yeyote kati yenu.

Kompyuta yangu ni ya zamani. Modeli ya jengo ikiwa nzito, mashine inaganda, na umeme ukikatika kazi ya asubuhi nzima inapotea. Basi nikatumia ujanja niliowafundisha hapa mwenyewe: jengo nikaliweka kwenye faili moja, tangi na mabomba yake kwenye faili lingine, kisha nikayaunganisha. Ukifungua la kwanza, la pili linajitokeza mahali pake. Kwangu lilikuwa likijitokeza kila siku.

Masasi sikupata mashine ya kuchapa karatasi kubwa inayofanya kazi. Faili nikamtumia Saidi wa Mtwara, tuliyesoma naye chuo, ambaye anayo mashine hiyo. Nikatuma faili moja. La tangi likabaki hapa, ndani ya kompyuta yangu.

Saidi anasema programu ilimwonyesha ujumbe kwamba kuna faili halikupatikana. Alikuwa na wateja, akabonyeza kuendelea. Kabla ya kuchapa alinitumia michoro kwenye simu niikague. Nikafungua sura ya mbele, ikanipendeza. Nikafungua ya pili. Karatasi ya msingi sikuifungua.

Nilimjibu, "Safi, chapa." Karatasi akazipeleka kijijini moja kwa moja kutoka Mtwara, bila kupitia kwangu.

Asubuhi nimefika kijijini kwa bodaboda, nikiwa na furaha ya kijinga, nikitegemea kukuta shimo la tangi limechimbwa. Nimekuta vigelegele. Jamvi limemwagwa jana. Zege la sakafu limetandazwa kutoka ukuta hadi ukuta, laini, na wanawake wamesimama pembeni wanaliangalia kama mtoto mchanga.

Nilimwita Fundi Bakari kando, nikamuuliza tangi liko wapi.

"Tangi gani, dada?"

Alinifungulia karatasi juu ya matofali. Chumba cha nyuma kilikuwa cheupe, sakafu tupu, hakuna hata mstari. Amejenga nilichompa. Jengo limenyooka, msingi umekaa vizuri. Siwezi kumlaumu kwa lolote.

Nikamuuliza kama tunaweza kuvunja. Alichuchumaa, akapapasa lile zege kwa kiganja. Alisema kuchimba shimo la ukubwa ule karibu na msingi uliokwisha kubeba ukuta ni kutafuta maafa. Saruji nayo imekwisha.

Halafu akasema jambo ambalo limenifuata njia nzima hadi hapa.

"Na haya maji ya kuchanganyia zege wameyapandisha wao kutoka bondeni. Juzi na jana, wote, hata wajawazito. Niliwakataza wajawazito, wakasema wodi ni yao."

Nikaanza kuzikunja zile karatasi.

Mama Zuhura alitukuta pale. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mama Zuhura." Akaitikia marahaba huku ananishika mkono, anataka kunipeleka nikalione jamvi. Nikamwambia asubiri. Nikamweleza palepale, kwa maneno mepesi: karatasi zimetoka bila tangi, kosa ni la kwangu, sikukagua, na sasa pamefungwa.

Alidhani hajasikia vizuri. Nikarudia.

"Kwa hiyo tangi halipo."

"Halipo, mama."

"Sisi tulijua litachimbwa baadaye. Halitakuja?"

Nikamwambia tunaweza kupata tangi dogo la plastiki, likae kwenye kona ya mbele, lakini mvua kubwa moja tu italijaza, na kiangazi halitafika popote. Alitazama juu, mahali paa litakapokaa, ingawa bado hapana kitu.

"Na mvua yote inayobaki itakwenda wapi?"

"Itamwagika, mama."

Aliuachia mkono wangu. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza mbele ya watu wote.

Saidi nilikuwa nimempigia kabla ya kuondoka; njiani akapiga yeye, anaomba radhi, anataka kujua kama atume tena karatasi sahihi. Nilikata. Hasira zangu si za kwake, nitampigia.

Kwa mliofuata mbinu yangu: kabla hujatuma mafaili popote, yaweke yote kwenye folda moja, au lililounganishwa uliingize kabisa ndani ya faili kuu. Kisha fungua kila karatasi, hata ile unayoijua kwa moyo. Mwezi uliopita niliandika maneno haya haya hapa. Mtu mmoja aliniachia shukrani chini yake. Leo nimeyasoma tena, neno kwa neno.

Wakati naondoka Mama Zuhura alinisindikiza hadi kwenye bodaboda. Wenzake walikuwa bado wanaimba kule nyuma.

"Usiwaambie leo," alisema. "Waache walale na furaha yao. Ijumaa tuna mkutano, utakuja uwaambie wewe. Mimi sitaweza."

Nitakwenda. Nimejaribu kuanza hotuba hiyo tangu nilipofika nyumbani, kwa salamu, kwa pole, kwa kutaja jina langu. Kila nikianza nawaona wale wajawazito na ndoo zao.

Utamwambiaje mtu kwamba maji aliyoyabeba ndiyo yaliyofunga mahali pa maji yake?