Msalaba Ndani ya Ndizi

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Durban tuko salama, mama yako bado anauza mboga sokoni Warwick. Unauliza kama wale wasafiri wa zamani wa Italia mnaowasoma chuoni walikuwa waongo.

Nilipokuwa msichana Uvira, padri Mwitaliano alitusimulia kwamba msafiri wa kwao, alipofika Misri, alikata ndizi akaona msalaba ndani. Tulicheka sana. Nyumbani nikakata moja, nikaona alama kweli, ila yenye miguu mitatu, kama unyayo wa kuku.

"Mama, ulishawahi kuona hii?" nikamuuliza.

"Miaka yote ninapika ndizi, sijawahi kuangalia," akasema, akachukua kisu akate nyingine.

Sijui kama yule msafiri alikosea. Ninachojua, ndiye aliyetufanya tuchungulie chakula chetu wenyewe.

Koko wako anayekukumbuka