Pangaboi la Qurayyat

Mjukuu wangu Salma,

Assalam aleikum. Sisi hapa Matrah, Oman, tu wazima, na bibi yako bado anagombana na kiyoyozi.

Umeniuliza kama ni utovu wa adabu kumwomba mama mwenye nyumba wako huko Glasgow ahamie kampuni inayouza umeme wa upepo.

Nilipokuwa kijana Qurayyat, nilitengeneza pangaboi la mabati la kuzungushwa na upepo, lenye dainamo ya baiskeli, mama yangu apate taa ya kushonea. Upepo ulikuwa juu ya paa, lakini kutoka huko ungeona uani kwa jirani yetu, Bi Zuwena, na binti zake. Niliona haya kuomba ruhusa, nikalifunga chini, nyuma ya ukuta. Wiki nzima halikuzunguka.

Bi Zuwena akanipigia kelele kutoka kwake: "We Nasoro! Upepo unaufuga uani kama kuku? Piga hodi, tuingie ndani, upande juu!"

Nikapiga hodi, nikapanda. Magharibi ile taa iliwaka, na mama alitunga uzi sindanoni bila kuniita nimtungie kama kawaida.

Basi kamwombe, kwa heshima na kwa sentensi kamili. Akikubali, niandikie chai iliyochemshwa kwa upepo ina ladha gani.

Babu yako,
Nasoro