Jogoo wa Baba Bado Anangoja

Kwako mshauri wa gazeti letu,

Salamu. Kuna jambo nimelibeba peke yangu tangu mwaka jana, nakuomba unisaidie kuliamua. Mimi ni fundi wa mashine katika kiwanda kimoja hapa Thika, nakaa Makongeni, kwetu ni Nyanza, na kila Jumapili nikitoka kanisani hupanda baiskeli hadi Ruiru kwa Bwana Trivedi, mwalimu Mhindi aliyestaafu, ambaye ananifundisha kijitabu cha wanaoanza Vedanta, yaani elimu ya kwao ya mtu kujitambua yeye ni nani hasa, kwamba yeye si mwili huu wala mali. Kijitabu kinasema kabla ya kufika huko mtu auandae moyo kwa mambo manne: kwanza apambanue kinachodumu na kinachopita, pili aache kung'ang'ania kinachopita, tatu atulize akili na tamaa zake, nne awe na kiu ya kufunguliwa. Hilo la pili nimelishika kwa nguvu zote, nimeacha nyama, nimemgawia jirani gramafoni yangu, na sasa nimeona nyumba nayo ni kitu cha kupita, kwa hiyo sitajenga.

Tatizo ni kwamba mimi ndiye kifungua mimba, na kwa desturi yetu Wajaluo mdogo hawezi kutoka katika boma la baba akaanzisha lake kabla ya mkubwa kutoka, na siku ya kutoka baba hutangulia na jogoo na shoka, nyumba hujengwa siku hiyo hiyo, nami nilale humo na mke wangu Awiti, anayekaa huko nyumbani kwa baba. Mdogo wangu Dalmas ana watoto wanne katika kibanda alichojenga akiwa kijana, na nguzo za nyumba yake alizikata zamani, zinaliwa na mchwa. Alipokuja Pasaka aliniambia, "Ndugu, mimi siombi kitu chako. Toka tu njiani nipite." Baba anaumwa kifua, naye alimtuma aniambie, "Mwambie Tobias jogoo anazeeka, na mimi nazeeka." Niliyasikia yote bila kutikisika, nikafurahi kwamba masomo yameniingia, lakini tangu siku hiyo nikikaa kutafakari namwona Dalmas amesimama na wale watoto. Je, hili ni jaribu nilivumilie, au nimekosea?

Tobias Odhiambo, Thika, 1956

MSHAURI ANAJIBU

Bwana Odhiambo,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na sikuona mahali Awiti alipoulizwa. Wala sikuona kwamba Bwana Trivedi anajua habari za Dalmas. Nadhani ya nyama ulimweleza, ya nyumba ukamficha, kwa kuwa unajua atakavyosema.

Mimi ni Mkikuyu, mambo ya jogoo na shoka si ya kwetu, na hiyo Vedanta naisikia kwako. Sina ugomvi nayo. Mtu anayeendesha baiskeli hadi Ruiru na kurudi ili ajijue si mjinga, na nakuhurumia kwa sababu umejitahidi kweli. Lakini umeliruka jambo la kwanza ukakimbilia la pili. Ulitakiwa kwanza upambanue. Nyama ilikuwa yako, ukaiacha, sawa. Gramafoni ilikuwa yako. Njia ya Dalmas si yako, na huwezi kuacha kitu cha mtu mwingine halafu ukajisifu.

Na hilo la kutotikisika, acha kujidanganya. Aliyetulia hasumbuliwi na watoto wa ndugu yake kila anapofumba macho. Hiyo ni dhamiri, ishukuru kwamba bado inafanya kazi.

Sasa sikiliza. Mwandikie Awiti leo, kabla ya mtu mwingine yeyote. Jumapili mweleze Bwana Trivedi yote, hata akikukemea. Jumatatu omba likizo, mwambie msimamizi baba yako ni mgonjwa, maana ni kweli. Panda treni, ubebe nguzo, ukande udongo, ulale katika nyumba hiyo kama desturi yenu inavyotaka. Kama wewe si mwili huu, basi mwili huo uazime kwa wiki mbili ufanye kazi.

Kijitabu kiache Makongeni, utakikuta. Baba yako sijui kama utamkuta, kwa hiyo usingoje mwisho wa mwezi.