Sufuria ya Bi Echati

Tanambao, Mahajanga

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Uiitikie kwa sauti, nami huku nitajifanya nimesikia. Na wewe Rukia unayemsomea, soma polepole, usiruke maneno kama ulivyokuwa ukiruka chuoni, maana mama atajua tu. Vipi macho, mama? Na ule mguu, umepoa? Sisi hatujambo. Baba Faridi yuko bandarini na makuli wenzake, akirudi kachoka hata haulizi nimepika nini, anakula tu. Watoto wanakua. Nikisema nao kwa lugha yetu wananijibu Kimalagasi, ila wakitaka kitu ndipo wanapokumbuka kuniita "mama mzuri". Kiswahili changu siku hizi ni cha dua, na cha kulalamika ninapoungua jikoni.

Barua yako nimeipata. Mengi umeandikisha, habari za harusi na za paa linalovuja, lakini mimi nimeona swali moja tu: nitakuja lini uniangalie uso, kabla macho hayajakufunga kabisa. Swali hilo limenikaa kifuani mama, siwezi kukuficha. Nitalijibu. Ila kwanza nikusimulie jambo lililotokea ninapofanya kazi, maana jibu lenyewe nimelipata huko.

Unakumbuka tulipohama Marodoka, kule Nosy Be kwa shangazi yake Baba Faridi, nilikuwa nakaa tu huku Mahajanga kama mzigo uliosahauliwa. Sasa si hivyo. Hapa mtaani petu kuna kituo cha kuwasaidia watu waliokwama, kwenye ghala la zamani la ngozi, na mvua ikinyesha harufu ya ngozi inarudi yote. Kina mama wanajifunza kushona na kusuka rafia. Wanaume wanaovuta pusipusi, vile vigari vya kubebea abiria, wanafundishwa kuvitengeneza ili siku moja wawe na vyao. Mimi nafundisha kupika vya kuuza. Nawafundisha mokari, ndugu yake kitumbua, mchele na nazi vilevile. Walikuwa wanavijua kabla yangu, mimi nimewaonyesha tu visigande kikaangoni.

Mkubwa wetu ni Madamu Vololona, mama wa nyanda za juu aliyekuwa mkunga. Unanijua mama, mimi si mwepesi wa kusifu watu, mwenyewe ulisema nilizaliwa nimekunja uso. Lakini huyu nampenda. Hapandishi sauti, na hampi mtu kitu akamwacha nacho hivihivi. Husema hapa mtu hapewi, anaanzishiwa. Familia ikiingia inakopeshwa sufuria kubwa na jiko, inapikia biashara, na siku ikisimama kwa miguu yake inairudisha sufuria, ianzishiwe familia nyingine. Kurudisha sufuria ndiyo kumaliza. Nimeona watu walioingia pale hawainui uso, leo wana meza zao sokoni na wananidai salamu.

Basi kulikuwa na Bi Echati. Ni Mngazija, mjane, wana wake bado wadogo. Ndugu zake wengi walirudi Ngazija baada ya ile misukosuko ya Wangazija kushambuliwa hapa mjini, yeye akabaki na kaburi la mumewe. Alianza kuuza mokari kwa waashi wanaojenga nyumba mpya kule Amborovy, karibu na uwanja wa ndege, na waashi wakamzoea hadi asipofika wanagoma kupanda ngazi. Mtaani kila mtu aliona kwamba amesimama. Watoto wamevaa, paa limezibwa, kanunua na vyungu vyake. Lakini sufuria hakuirudisha.

Tukangoja. Familia iliyokuwa zamu yake kupewa ilikuwa ya mvuta pusipusi aliyevunjika mguu, na mkewe alikuwa anapika kwenye debe la mafuta lililokatwa. Mchele wenyewe siku zile ulikuwa wa kupanga foleni. Maneno yakaanza. Wengine wakasema Echati ameiuza sufuria. Wengine wakasema, kwa pembe ya mdomo, ndivyo walivyo Wangazija. Kamati ya kituo ikakaa, ikataka jina lake lifutwe, na watu wa kwao wasikopeshwe tena. Mama yangu! Watoto wangu baba yao ni nani, kama si Mngazija? Madamu akasema kwanza aulizwe mwenyewe, akanituma mimi kwa kuwa lugha zetu zinasikilizana.

Nilimkuta uani anaisugua sufuria hiyohiyo kwa mchanga na majivu, inang'aa hata unaweza kujitazama. Nikamwuliza bila kuzunguka, kwa nini hairudishi. Akaniangalia kama nimemwuliza kwa nini hatembei uchi.

"Niirudishe na nini ndani?" akasema. "Niliingia pale sina kijiko. Nitoke na chombo kitupu, waseme sikuzaliwa na mtu?"

Basi nikaelewa yote. Kwetu sahani ya jirani inarudi tupu? Si wewe uliyekuwa ukitusimamisha mlangoni na sahani ya watu hadi upate japo ndizi mbili za kutia? Bi Echati alitaka kuijaza pilau ya nyama, watu wa kituo kizima wapate kula. Kila akianza kuweka akiba, mtoto anaugua, au mchele unapotea madukani. Akawa anangoja. Na kadiri alivyochelewa, ndivyo pilau ilivyozidi kuwa kubwa kichwani mwake, maana atarudishaje kidogo baada ya kuchelewa kote huko?

Nikamweleza Madamu namna tulivyolelewa. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alivaa kofia yake ya ukindu, akasema twende.

Tulifika saa ya chakula. Madamu akavua viatu, akakaa mkekani na watoto, akaomba kula. Bi Echati alitaka kuikimbia nyumba kwa aibu, kwa kuwa kulikuwa na wali mkavu na mchicha tu. Wali wenyewe ulipikwa ndani ya sufuria ile kubwa, vyungu vyake vyote vilikuwa na unga wa kesho. Tukala. Ulipokwisha, ukoko ukabaki chini, umeshika rangi ya kahawia. Bi Echati akanyoosha mkono aukwangue, Madamu akamzuia. Akamwaga maji juu ya ukoko, akairudisha sufuria motoni. Ndivyo wafanyavyo Wamalagasi, maji ya ukoko ndiyo kinywaji chao, na harufu yake mama, ni kama wali unaanza upya. Yakachemka. Madamu akafunika.

"Kwetu mtu hajamaliza kula mpaka anywe haya," akasema. "Sasa haiko tupu. Shika huku, nami nishike huku."

Wakaibeba wawili, kila mmoja sikio lake, wakipita Tanambao mchana kweupe, watu wametoka milangoni. Mimi nyuma nimebeba mfuniko, nalia kama mtu anayesindikiza bibi harusi. Kituoni wote walikunywa, na wanakamati nao, wa kwanza mmoja wa wale waliosema kwa pembe ya mdomo. Kisha mke wa mvuta pusipusi akapokea sufuria ingali moto. Bi Echati siku hizi ndiye anayemfundisha kupika.

Mama, sasa swali lako. Miaka yote hii nakwambia mwakani. Nauli haikuwa sababu, nauli ningeipata. Nilikuwa nangoja sanduku lijae. Nilitaka nishuke na vitambaa vya Nosy Be vya kutarizi kwa kila shangazi, na saa ya ukutani, na wewe nikuletee kitu ambacho jirani zako wataulizana. Na kila nikichelewa, sanduku lilizidi kuwa kubwa. Ulitufundisha mkono mtupu haulambwi, nami nikalishika hilo hadi macho yako yakaanza kuondoka. Nisamehe.

Nisalimie mjomba wangu mwashi, umwambie wa huku wanapanda ngazi kwa mokari. Nisalimie shangazi mkunga, na mke wa kaka yangu, na jirani yetu fundi cherehani anayejifanya hasikii akidaiwa nguo za watu. Baba Faridi anakuamkia.

Nakuja kabla ya Ramadhani, na wajukuu zako wadogo wawili, na sanduku lisilojaa. Usimwambie mtu aandae kitu. Siku hiyo nipikie wali tu, mama, na usikwangue ukoko. Maji nitatia mimi.

Ni mimi mwanao niliyezaliwa nimekunja uso,
Saumu