Kapita wa Matofali

Jumatatu, 4 mwezi wa tatu 1957

Filimbi saa kumi na mbili. Kufika saa tatu mimi kapita, musimamizi wa kazi, nilikuwa nimepiga watu wawili makofi. Mumoja alikuwa anafunga kaptula, mwingine anakohoa. Direkteri mupya, mukubwa wa kiwanda, alisimama mulangoni, saa mukononi. Yule aliyemutangulia alituacha tupumzike saa sita. Tulikula mihogo, wengine walilala kwenye majani. Huyu amekata mapumziko. Anasema Bukavu inajengwa mbio, nyumba za wazungu kule kwa ziwa zinangojea, na matofali yetu iko nyuma. Miguu inauma. Sikula kitu.

Jumatano, 6

Direkteri alinipiga rula usoni mbele ya wafanyakazi wote. Sababu: mashini ya kukanda udongo ilisimama. Mugisho ndiye aliisimamisha. Ni shemeji yangu, alioa dada yangu Nabintu. Mimi mwenyewe nilimutoa kijijini Kalehe, nikamutafutia kazi hii.

Aliniambia polepole, kama kawaida yake, "Shemeji, udongo huu ungali na mawe. Tuuache ulale siku mbili. Ukiuharakisha, utapasuka mu moto."

Nilijua anasema kweli. Nikamupiga fimbo mugongoni. Hakulia. Alinitazama, kiisha akawasha mashini.

Ijumaa, 8

Tanuru limefunguliwa. Nusu ya matofali yamepasuka. Direkteri anasema ni ubaya wa wafanyakazi. Kesho anataka kazi ya siku mbili. Nimepiga watu tangu asubuhi, sikumbuki ni nani. Fimbo ilivunjika, nikachukua ingine. Naona haya kuandika hii: siku za kwanza nilipiga kwa woga. Leo mukono ulipenda.

Jumapili, 10

Nilienda misa. Kurudi, chakula kilikuwa hakijaiva. Nilimupiga Cibalonza, bibi yangu. Jirani wanaona. Akaanguka juu ya makaa, akaungua kiwiko. Miaka saba ya ndoa, sikuwahi.

Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mimi pia niko tofali?"

Nikatoka. Niliporudi alikuwa amekwenda kwa mama yake. Najichukia.

Alhamisi, 14

Hospitali. Naandika na mukono wa kushoto.

Juzi asubuhi jiwe lilikwama mu mashini. Mugisho alinionyesha ishara tusimamishe. Direkteri alikuwa karibu, anatazama. Nikasema, "Toa na mukono. Mbio."

Akaingiza mukono. Magurudumu yakamukamata mupaka kiwiko. Wanaume wanne walimuvuta. Sauti ile sitaiandika. Direkteri alitazama saa, akasema mashini ioshwe, kazi iendelee.

Hapo watu wakashika matofali. La kwanza lilivunja kioo cha gari ya direkteri, naye tayari iko ndani, anakimbia. Mimi sikukimbia. Sijui kwa nini. Wakaniangukia. Walinivunja mukono wa kuume na meno mawili. Mumoja alirudia kila alipopiga, "Mbio, kapita. Mbio."

Polisi ndio walinitoa. Walichapa kila mutu waliyemukuta, hata wale waliokuwa wanafunga kidonda cha Mugisho.

Jumamosi, 16

Kitanda cha Mugisho iko karibu na changu. Wamemukata mukono juu ya kiwiko.

Direkteri alikuja na polisi wawili na karatasi. Watu sita wako kifungoni, wanachapwa asubuhi na mangaribi. Alitaka nithibitishe majina yao. Nikithibitisha, nabaki kapita. Nikinyamaza, hakuna kazi. Mugisho alikuwa macho, anasikia yote.

Nilisema, "Sikuona mutu."

Direkteri alinipiga kofi palepale kitandani. Damu ikarudi mu kinywa. Nikasema tena, sikuona mutu. Walikwenda.

Mugisho hakunishukuru. Akasema, "Maharagi yangu ya Kalehe, nani atayalima sasa?"

Nikasema, "Mimi."

Akageukia ukuta.

Alhamisi, 19 mwezi wa kenda

Kalehe. Wale sita waliachiwa mwezi wa ine, mumoja hasikii tena na sikio la kushoto. Mimi nilifukuzwa, kama direkteri alivyosema.

Mvua imeanza vizuri. Udongo iko laini. Nachimba matuta, Mugisho anakuja nyuma yangu, anaangusha mbegu, anafukia na muguu. Tukimaliza tuta moja anasimama, anatazama ziwa. Hana haraka. Leo hasira ilinipanda kidogo. Niliegemea jembe, nikangoja mupaka ikapita.

Nabintu hajasema nami tangu nifike. Ananiwekea sahani mulangoni, anageuka.

Saa nane Cibalonza alishuka mu kamio, lori ile ya Minova, kikapo kichwani. Sikumwita mimi. Nabintu ndiye alimutumia habari. Alisalimia Mugisho kwanza, akamuuliza juu ya kidonda. Kiisha akaniambia, "Nitalala kwa Nabintu. Nitakuangalia mupaka maharagi yaive. Kiisha nitajua kama nakurudia."

Nikasema sawa.

Alivua viatu, akachota mbegu, akaanza kupanda tuta lingine, mbali na langu.