Vifungo Tisa Vilivyobaki

3 Februari

Mdogo wangu mpenzi,

Hujambo wewe na baridi yako? Mgongo je, umepoa? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mama anakula vizuri na mkono wa kushoto una nguvu, ila ule wa kulia bado umelala tangu kiharusi. Ulimi mzito, lakini kwa kunisema mimi haujawahi kumshinda.

Nina jambo, usinicheke. Nimejiandikisha mashindano ya kuogelea ya watu wazima, mita mia nane, mwezi wa sita. Ndiyo, mimi mfua mashuka wa hospitali, miaka arobaini na saba, magoti yanalia kama bawaba. Unakumbuka baba alivyokuwa akisafisha lile bwawa, anatuachia tuogelee kabla halijafunguliwa? Mwaka aliofariki jina langu lilikuwa tayari kwenye orodha ya washindani. Nikaingia kazini badala ya kuingia majini. Sijuti, wewe ulisoma. Ila lile jambo halijanitoka.

Bwawa linafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, kazini naingia saa mbili. Naamka, namuogesha mama, nampa chai, tunasali pamoja, ndipo navuka barabara kwenda bwawani. Jirani mshona magodoro anakuja kukaa naye saa kumi na mbili na nusu, akishawapeleka wanawe shule. Hapo katikati mama yuko peke yake. Hiyo nusu saa ndiyo inanila moyo. Niambie, niende au niache?

Dada yako

19 Februari

Dada yangu, au nikuite Bata kama mama?

Mimi mzima, mgongo unakuja na kuondoka kama mgeni asiyeaga. Barua yako nimeisoma kwenye basi nikacheka mpaka watu wakanitazama.

Nenda. Huku ughaibuni nawatunza wazee wa watu kumi na wanne kwenye ghorofa moja, na hakuna anayeangaliwa kila dakika. Muwekee simu chini ya mkono mzima, namba yako iwe ya kwanza, yangu ya pili. Nusu saa haijawahi kumuua mtu. Umetubeba miaka thelathini, jibebe na wewe kidogo.

Mdogo wako

8 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu zako zimefika, na mama amezisikia mara mbili maana alinirudisha nisome tena. Tuko salama.

Mwalimu wa bwawa ni mzee mmoja mkali. Siku ya kwanza aliniambia napiga maji kama nafua mashuka. Nikamjibu ndiyo kazi ninayoijua. Sasa anasema angalau mashuka yanatakata, na tangu nimwambie mama ananiita Bata, naye ananiita hivyo hivyo. Upana wa bwawa hauhesabiwi, ni urefu, na mita mia nane ni safari thelathini na mbili. Kila safari natumia dakika moja nikijumlisha na kupumua.

Sasa sikia ya mama. Nilimweleza hesabu hiyo. Kesho yake akaniomba makopo mawili na vile vifungo vyake vya zamani vya nguo. Kumbe saa kumi na mbili ikigonga anatazama saa ya ukutani, na kila dakika ikipita anahamisha kifungo kimoja, kopo hili kwenda lile. Nikirudi ananiuliza, "Mimi nimemaliza. Wewe je?" Siku moja nilichelewa safari mbili akaniambia nimezeeka kuliko yeye.

Kwenye mashindano kila muogeleaji anakuja na mtu wake wa kukaa kwenye kiti mwisho wa mstari, amhesabie safari. Mama amesema kiti hicho ni chake. Tutampeleka kwa kiti cha magurudumu, mimi na jirani.

Dada yako

11 Mei

Dada,

Sina salamu. Siku ile uliponipigia kunipa habari sauti iligoma, kwa hiyo nasema hapa. Mama amekata roho peke yake na wewe uko bwawani unacheza maji. Mtu mzima. Nimeomba ruhusa ya kuja kuzika nikanyimwa. Wewe ulikuwa na ruhusa na mguu wa kukufikisha. Mungu akusamehe, maana mimi bado.

Mdogo wako

2 Juni

Mdogo wangu,

Nakuombea afya, na usingizi, maana najua hulali. Mimi pia.

Ulilosema nimelipokea. Nimelipeleka mbele za Mungu kila asubuhi na sijapata jibu, ila napewa nguvu ya kuamka.

Nilipofika nyumbani jirani alikuwa ameshamfunika. Makopo yalikuwa kitandani. Nilihesabu vifungo kabla sijalia, Mungu anisamehe. Vilivyohama ni ishirini na tatu. Vilivyobaki ni tisa. Kwa hiyo alikuwa na mimi mpaka ile safari, na mimi nikaendelea bila kujua.

Linaloniliza zaidi ni simu. Yake ilikuwa chini ya mkono, imeisha chaji, sijathubutu kuiwasha. Yangu, kwenye kabati la bwawani, haikuonyesha simu yake hata moja. Kwa nini hakunipigia?

Mashindano ni tarehe 28. Nilitaka kuacha, lakini kiti nimekiandikisha. Njoo unihesabie. Ikishindikana, niandikie hata neno moja.

Dada yako

30 Juni

Mdogo wangu,

Natumai u mzima. Neno halikuja, na sikulaumu.

Mwalimu alitaka kukaa kwenye kiti nikamwambia kina mwenyewe. Niliogelea vizuri mpaka safari ya ishirini na tatu. Nikagusa ukuta, nikasimama. Pumzi ilikuwepo. Mkono ndio ulikataa kuachia ukuta. Mbele yangu kiti kitupu. Wenzangu wanapita kulia na kushoto, mimi nimesimama kama mtu anayengoja kufunguliwa mlango.

Mwalimu akaja. Hakukaa kwenye kiti, alichuchumaa pembeni yake. Akasema polepole, "Bata, bado tisa."

Nikaenda zote tisa. Nimekuwa wa mwisho, walipopiga makofi wengine walishavaa viatu. Nakutumia vifungo vyenyewe. Vilivyohama nimebaki navyo mimi.

Dada yako

14 Septemba

Dada yangu,

Hujambo? Magoti je? Mimi mwili mzima, sina la kulalamikia.

Bahasha yako ilifika Julai. Nilivipapasa kwa nje nikajua ni nini, nikaiweka juu ya kabati. Nimeifungua jana.

Uliuliza kwa nini mama hakukupigia. Alinipigia mimi. Saa zenu za huko, ilikuwa saa kumi na mbili na dakika ishirini na tatu. Mara mbili. Nilikuwa namlisha bibi wa watu kijiko kwa kijiko, na zamuni ni marufuku kupokea simu. Niliona jina lake nikainyamazisha. Nikasema moyoni, nitampigia nikitoka. Wewe alijua uko majini, hakutaka kukutoa.

Ile barua ya Mei niliiandika simu ikiwa mezani mbele yangu. Sijamwambia mtu yeyote mpaka leo.

Vifungo nimevihesabu, ni tisa. Kile cha bluu ni cha sare yangu ya shule, ulikishona wewe. Nimepewa likizo ya Desemba. Sijui nitakutazamaje usoni. Pengine tuanzie bwawani, wewe uso ukiwa ndani ya maji, mimi nikihesabu.

Mdogo wako